Usifute Sauti ya Mtangazaji

Kanda ya saba, upande wa pili. Kwanza kuna mvumo, kama mvua inayonyesha kijiji cha jirani. Halafu jogoo anawika, na ilikuwa usiku wa mapema, kwa hiyo jogoo huyo alikuwa na hesabu zake mwenyewe. Halafu inakuja sauti ya mwanamume, taratibu, sauti ya mtu aliyefunga tai hata kama hakuna anayemwona. Inataja bendi, inataja Dar es Salaam, na kabla haijamaliza gita la solo limeshaingia. Dakika tatu baadaye, katikati ya ubeti, mwanamke anasema kwa karibu sana, karibu kuliko mwimbaji mwenyewe: "Mfunikeni huyo mtoto, mbu." Wimbo unaendelea.

Mwanamke huyo ni nyanya yangu. Mtoto, naambiwa, ni mimi. Bendi ni Mlimani Park. Aliyerekodi ni mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye kuanzia mwisho wa miaka ya sabini hadi katikati ya miaka ya themanini alijaza kanda 64 kutoka redioni, pale Garsen, kando ya Mto Tana. Zimebaki 41. Nimekaa nazo mwaka mzima, nikizisikiliza moja baada ya nyingine kwa mashine niliyoazima Malindi, na nimefikia uamuzi ambao utawaudhi watu wawili watatu ninaowapenda. Lakini ngoja nianze na aliyenifanya nifikiri.

Mpwa wangu anasomea mambo ya sauti Mombasa. Kijana mwema, mwenye heshima. Nilimpa kanda kumi azitie kwenye kompyuta. Baada ya wiki tatu akaniletea flashi. "Mjomba, nimezisafisha," akasema, na kweli alikuwa amezisafisha. Mvumo hakuna. Mikwaruzo hakuna. Besi ambayo miaka yote ilikuwa kama mtu anayegonga mlango wa mbali sasa imeingia chumbani. Nikamsifu, kwa sababu kazi ilistahili sifa. Usiku nikasikiliza tena kanda ya saba, nikisubiri. Ubeti ukafika, ukapita. Nyanya hakusema kitu. Mtangazaji naye alikuwa amekatwa. Wimbo ulianza kwenye noti ya kwanza na kuisha kwenye noti ya mwisho, safi, kama maiti iliyokoshwa.

Nyanya alifariki nikiwa darasa la nne. Hakuna mahali pengine popote sauti yake ilipobaki.

Najua hoja hiyo ni yangu peke yangu. Msomaji wa Kisumu au wa Muscat hana haja na nyanya yangu. Kwa hiyo nitamweka kando kidogo, niulize swali ambalo ni la wote: kanda iliyorekodiwa kutoka redioni ni nini hasa? Ni nakala mbovu ya wimbo mzuri, au ni kitu kingine chenye thamani yake?

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Mlimani Park ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Hebu fikiria. Miaka mitano ya kwanza ya bendi hiyo, miaka ya Hassan Rehani Bitchuka na Cosmas Chidumule na Muhiddin Maalim Gurumo na Michael Enoch, msikilizaji wa upande wetu alikuwa ametenganishwa nao na mpaka uliofungwa. Isitoshe, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Santuri za Watanzania zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na Nairobi sasa ilikuwa ng'ambo. Bendi za Dar zikawa na mlango mmoja mkubwa: studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu. Bendi inaingia, inapiga, inarekodiwa, wimbo unakwenda hewani. Dukani haupo. Ukiutaka, uusubiri redioni.

Mawimbi nayo hayana pasipoti. Wanaojua mambo ya redio watakwambia kwamba mawimbi ya kati husafiri mbali zaidi usiku kuliko mchana. Mjomba hakusomea hayo, ila alijua kwamba jua likizama Dar es Salaam inasogea. Sauti ya Kenya ilikuwepo mchana, na aliisikiliza kwa taarifa ya habari, vifo na salamu. Usiku ulikuwa wa Dar, na baadhi ya siku wa Zanzibar kwa taarab. Stima ilikuwa haijafika kwetu. Redio ilikula betri, na betri ilikuwa pesa. Zikichoka zilianikwa juani kwenye bati pamoja na samaki, zikapata nguvu za kuendesha nusu saa nyingine.

Samahani kwa habari za betri, lakini zina kazi katika uhakiki huu. Betri zikilegea wakati wa kurekodi, kanda inazunguka polepole. Ukija kuicheza kwa betri mpya, au kwa stima, muziki unakimbia na sauti zinapanda juu. Ndiyo maana kwenye kanda ya 19 Bitchuka, ambaye sauti yake ni nyembamba tayari, anaimba kama mtoto wa madrasa, na kadiri kanda inavyoendelea anazidi kuwa mdogo. Mpwa wangu aliirekebisha hiyo, na hapo sina ugomvi naye hata kidogo. Kasi isiyo sahihi ni kosa la mashine. Haimwambii msikilizaji chochote ila kwamba mwezi ulikuwa umefika tarehe ishirini na tano na mshahara bado.

Kwa hiyo sitetei kila kelele. Nataka kuzipambanua.

Kanda za mjomba zina enzi mbili. Ya kwanza naiita enzi ya kigoda. Alikuwa na redio na alikuwa na mashine ndogo ya kurekodia, vitu viwili mbalimbali. Aliviweka juu ya vigoda viwili vikitazamana kama wacheza bao, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akawaamuru watu wote nyumbani wanyamaze. Hawakunyamaza. Kwenye kanda hizo kuna nyumba nzima: sufuria, mbuzi, kikohozi, mtu anayebisha hodi na kujibiwa kwa mnong'ono. Enzi ya pili inaanza aliponunua redio-kaseti, mashine inayorekodi kutoka ndani ya tumbo lake yenyewe. Sauti inakuwa bora mara mbili, na nyumba inatoweka. Kama unataka kujifunza jinsi gita la pili la Mlimani lilivyokuwa likijibizana na la kwanza, sikiliza enzi ya pili. Kama unataka kujua muziki ule ulikuwa nini kwa waliousikiliza, ni enzi ya kigoda. Muziki ule haukusikilizwa kimya hata siku moja. Ulisikilizwa na watu waliokuwa wakisonga sima.

Sasa nije kwenye nyimbo zenyewe, kwa sababu watu hudhani mkusanyaji wa kanda kama hizi ni mtu wa kukumbuka utoto tu. La. Toleo la redio lina ubora wa kisanaa ambao santuri haikuweza kuupata, na sababu yake ni rahisi: muda. Santuri ndogo ya Nairobi, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, ilibeba dakika chache kila upande. Wimbo mrefu ulipasuliwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Muziki unafifia taratibu pale unapokolea, unainuka kwenye kiti, unageuza santuri, unarudi kukaa, na ile joto imeshapoa. Wapangaji wa nyimbo walijua hivyo na wakazoea kutunga kwa mapande mawili. Nyimbo nyingi za Simba Wanyika na Les Wanyika ziliishi katika hali hiyo, na ni sifa yao kwamba zilistahimili.

Studio ya redio haikuwa na ukuta huo. Utepe unazunguka, bendi inapiga. Mlimani Park na JUWATA walijenga nyimbo za ngazi. Mwanzo ni wa polepole, mwimbaji anaweka kesi yake mezani: ndoa, deni, rafiki msaliti, mzazi aliyesahauliwa. Wenzake wanaitikia. Tarumbeta na saksafoni zinaingia kati ya beti si kwa kupamba ila kama wazee wanaotoa neno barazani. Kisha maneno yanakwisha kazi, magita yanashika usukani, na hapo ndipo dansi inapoanza kwa kweli. Ukikata wimbo kama huo katikati umeharibu hoja. Ile dansi ya mwisho ina utamu kwa sababu umekaa na kesi dakika nne nzima. Kwenye kanda za mjomba kesi husikilizwa hadi hukumu, isipokuwa pale kaseti yenyewe ilipoisha, na hilo lilitokea mara nyingi kuliko alivyokubali.

Jambo la pili ni maneno. Radio Tanzania ilikagua mashairi kabla ya kurekodi, na wimbo uliokataliwa ulirekebishwa au uliachwa. Kwa hiyo tunachosikia kwenye kanda si kile kilichoimbwa ukumbini Jumamosi usiku. Ni kile kilichovaa viatu kwenda ofisini. Wapo wanaoona hilo kuwa kasoro. Mimi naona lilizaa ufundi. Mtunzi aliyejua kwamba kuna meza atakayopita alijifunza kusema jambo kwa kulizunguka, na Kiswahili kinapenda sana mtu wa namna hiyo. Mafumbo ya dansi ya miaka ile ni ya hali ya juu kwa sababu yalikuwa na kazi ya kufanya. Ukitaka kuona tofauti, linganisha na kanda za harusini za taarab ya Pwani. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, alirekodiwa na wenye mashine mbele ya jukwaa, kanda zikanakiliwa na kuuzwa, na duka kama Mbwana Radio Service la Mombasa likajulikana kwa biashara hiyo. Kule hakukuwa na mkaguzi ila wanawake waliokuja kutuza, na wao ndio walioamua kwa vigelegele ni fumbo gani limemfikia mlengwa. Kanda ya harusini na kanda ya redio ni ndugu wawili, mmoja alilelewa na mama, mwingine na serikali.

Jambo la tatu ni mtangazaji, na hapa ndipo nilipo na ugomvi na mpwa wangu, na si yeye tu. Ni ugomvi wangu na karibu kila anayetoa upya muziki wa zamani. Chukua mfano mzuri, si mbaya. Mfululizo wa Zanzibara uliohaririwa na Werner Graebner na kutolewa na Buda Musique ya Ufaransa ni kazi ya kuheshimiwa. Diski yake ya tano imekusanya nyimbo za Dar es Salaam za 1978 hadi 1983, karibu sawasawa na miaka ile ya mpaka kufungwa. Imetaja wanamuziki kwa majina, imeeleza bendi zilivyogawanyika na kuibiana waimbaji, imewapa heshima ya kuandikwa. Mjomba yeye aliandika kwenye kaseti "Mlimani kali", na kwenye nyingine "Mlimani kali 2", basi. Kwa elimu, Graebner anamshinda mbali sana.

Lakini kwenye diski, kati ya wimbo na wimbo kuna kimya. Redioni kati ya wimbo na wimbo kulikuwa na mtu. Katika vipindi kama Misakato na Klabu Raha Leo Show mtangazaji hakuwa kibandiko cha jina. Alikuwa msomaji wa kwanza wa wimbo. Alikwambia nani katunga, akatupia neno la utani, akatuma salamu kwa walio shambani na walio zamu ya usiku, akaacha wimbo uingie chini ya sauti yake na kujiondoa kwa wakati. Kwenye kanda ya 23 kuna mtangazaji mmoja ambaye baada ya wimbo wa mwanamume anayemlaumu mkewe ananyamaza, moja, mbili, tatu, kisha anasema, "Haya. Labda naye mama ana lake la kusema." Ndiyo yote. Nimesoma makala ndefu kuhusu nafasi ya mwanamke katika muziki wa dansi ambazo hazikusema zaidi ya hapo. Huo ni uhakiki, umefanywa hewani, kwa sekunde nane, na kama mjomba asingekuwa ameacha kanda iendelee kuzunguka ungepotea pamoja na usiku wenyewe.

Radio Tanzania ilihifadhi tepe zake. Maktaba ile leo iko chini ya TBC, na kwa miaka zaidi ya kumi kumekuwa na jitihada za kuigeuza kuwa ya kidijitali, zikiwemo za kikundi cha Tanzania Heritage Project. Kwa hiyo sisemi kwamba kanda ya Garsen inaokoa wimbo. Wimbo uko, na uko katika hali nzuri kuliko wetu. Ila redio huhifadhi wimbo. Jioni yenyewe, pamoja na utangulizi, kosa la ulimi, salamu na saa inayotajwa, ilipita hewani ikaenda zake. Msikilizaji ndiye aliyeishika.

Wenzetu wa Ulaya walilijua hili kwa njia ngumu. Kati ya 1962 na 1965 The Beatles walipiga mara nyingi kwenye vipindi vya BBC, na BBC haikutunza sehemu kubwa ya kanda hizo. Mwaka 1994, ilipotoka albamu ya rekodi zile, nyimbo kadhaa zilipatikana kwa sababu wasikilizaji majumbani walikuwa wamezirekodi kutoka redioni. Watu wale walikuwa wakivunja sheria. Shirika kubwa likaja kuwabishia hodi kwa adabu.

Na hapo ndipo shingo inapokaza, maana neno limeshatajwa. Sheria. Mjomba alirekodi, sawa, lakini pia alinakilia watu. Bei ilikuwa kaseti yako mwenyewe na betri mbili. Vijana wa Ngao walikuja, wa Kipini walikuja. Enzi za kivuko, kabla ya daraja, mabasi ya Lamu yalipanga foleni mtoni na abiria walisaidia kuvuta kamba, na kulikuwa na makondakta waliotumia muda huo kuja kwetu kuchukua kanda. Sitaki kujifanya kwamba hilo halikumgusa mtu. Kanda zilizonakiliwa bila ruhusa ndizo zilizoubomoa muziki wa santuri Kenya katika miaka ya themanini, na si kwa sababu ya mwizi mmoja mkubwa, bali kwa sababu ya maelfu ya watu wema kama mjomba.

Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995. Katika miaka yake ya mwisho, akiwa mgonjwa, alikuwa akiuza kaseti kwenye kibanda kidogo karibu na kwake. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa na kanda za mjomba mkononi, maana Marijani yumo katika kanda sita. Mtu ambaye sauti yake ilifika Garsen bure alimaliza maisha akiuza plastiki kwa reja reja. Mtu akiniuliza kama mapenzi ya mjomba kwa muziki ule yalimlisha mwanamuziki hata mlo mmoja, jibu ni hapana.

Sisi wa Tana tungepaswa kulijua hili mapema kuliko wote. Wimbo wa Taifa wa Kenya una mdundo wa bembelezi ya Wapokomo, wimbo wa mama kumnyamazisha mtoto. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop akiwa mmojawao, iliuchukua, na Mzee Meza Morowa Galana wa Tana River ndiye anayetajwa kuwa aliyeutoa. Mamilioni huusimamia wima. Ukisimama sokoni Garsen ukauliza ni faida gani iliyowahi kurudi mtoni kwa ajili ya wimbo ule, utachekwa. Kwa hiyo tumekuwa pande zote mbili: tumechukuliwa na tumechukua. Tofauti moja ni kwamba kwenye karatasi ya Wimbo wa Taifa sauti ya yule mama imeshasafishwa. Imepangiwa sauti nne, imevalishwa tarumbeta. Ni nzuri sana, nami husimama kama wengine. Ila mtoto aliyekuwa akibembelezwa hayumo tena, wala mbu wake.

Basi nimefikia wapi? Kwanza, sitazimwaga kanda hizi kwenye mtandao na kukusanya watazamaji kwa jasho la Gurumo na Marijani. Sheria ya Kenya ya 2001 inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na hata kama sheria ingekuwa imelala, aibu haijalala. Nyimbo ambazo zimetolewa kihalali, nunueni huko, jamani, na msome majina ya wapiga gita. Nakala za kanda nitazipeleka kwa wale wanaotunza maktaba za redio, wachukue kile ambacho wao hawana, yaani vipande vya kati.

Pili, haraka ipo. Kanda 23 zilizopotea hazikuibwa. Kumi na moja zililowa mafuriko ya El Niño ya 1997, nyumba ilipoingiwa maji hadi dirishani. Nyingine ziliharibika na joto tu, na nyingine zilifutwa kwa kurekodiwa mahubiri, kwa sababu mke wa mjomba aliokoka. Mtu mwingine wa kwetu, rafiki yake mjomba, alikuwa na nyingi kuliko hizi. Nyumba yake iliteketea katika machafuko ya 2012, mwaka ule ambao shambulio la Riketa peke yake liliua zaidi ya watu 50. Mbele ya roho za watu, kanda ni takataka, na yeye mwenyewe hajawahi kuzililia mbele ya mtu. Lakini aliniambia kwamba kwenye moja alikuwa amerekodi kipindi cha salamu ambamo majirani wa lugha mbili walisalimiana kwa majina, Mpokomo akimsalimia Mworma na Mworma akijibu wiki iliyofuata. Hiyo nayo ni kumbukumbu ya muziki. Wala si ya muziki tu.

Tatu, kuhusu usafi. Mpwa wangu alikuja tena Ijumaa iliyopita, nikamkalisha, tukaweka kanda ya saba kama ilivyo, na yake kando yake. Nikamwambia nimeona mambo matatu. Kasi irekebishwe, maana hilo ni kosa la betri. Mvumo upunguzwe kiasi, usifutwe, maana ukiufuta wote unaondoka na matoazi ya ngoma. Na binadamu yeyote anayesema, awe wa Dar au wa nyumbani kwetu, asiguswe. Aliposikia "mfunikeni huyo mtoto" alisimamisha mashine, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Alikuwa ameifuta kwa mkono wake, akidhani ni mwingiliano wa stesheni nyingine.

"Huyu ndiye nani?" akauliza.

Nikamwambia. Ni mama wa babu yake. Hajawahi kumsikia. Akakaa kimya, kisha akafungua kompyuta na kuanza kazi upya kutoka mwanzo, bila kunung'unika, na mimi nikaenda kupika chai. Niliporudi alikuwa amefika pale mwanzoni kabisa, kabla ya mtangazaji, akikuna kichwa.

"Mjomba, kwani jogoo naye abaki?"

Jogoo naye abaki.